Neno la Wiki: Jamhuri

Mzizi wake ni Kiarabu, jumhur, yaani umma wa watu. Waturuki nao walilichukua wakalitamka cumhuriyet, na tarehe 29 Oktoba 1923 Bunge la Ankara likaitangaza Uturuki kuwa jamhuri. Usultani wa Osmani, uliodumu zaidi ya miaka 600, ulikuwa umefutwa na Bunge hilo Novemba 1922. Siku chache baadaye Sultani Mehmed VI akaondoka Istanbul kwa manowari ya Waingereza.

Si nchi zote zilizotoka katika himaya hiyo zilizolipokea neno hili mara moja. Iraki ilipewa mfalme mwaka 1921, ikawa jamhuri mwaka 1958. Lebanoni ilipata katiba ya jamhuri mwaka 1926, Wafaransa wakiwa bado wameishika.

Basi jamhuri si uhuru, ingawa kila Desemba tunasikia maneno haya yakichanganywa redioni, na inaniuma. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini mkuu wa nchi alibaki kuwa Malkia Elizabeth II hadi jamhuri ilipozaliwa mwaka mmoja baadaye. Kenya vilevile: uhuru 1963, jamhuri 1964.