Kitovu Ndani ya Kisanduku

Kwetu kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa, na ukubwani mtu hupataja pale kuwa ndiko kwao. Kwa Wajapani desturi ni kukikausha na kukitia kwenye kisanduku kidogo cha mbao, mama akakitunza miaka na miaka. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi, na sijui desturi nyingine ya uzazi iliyotoa ushahidi mzito kama hiyo.

Ushahidi huo ulitoka Minamata, mji wa bahari kusini mwa Japani. Tangu 1932 hadi 1968 kiwanda cha Chisso kilimwaga huko maji machafu yenye zebaki. Ikaingia kwa samaki, samaki wakaliwa. Walianza paka, wakiyumba na kujitosa baharini. Mwaka 1956 wakaletwa mabinti wawili wadogo, ndugu, kwenye hospitali ya kiwanda kilekile. Kutembea na kusema kumewashinda. Ndio ugonjwa ulioitwa wa Minamata.

Wakati huo madaktari waliamini kondo la nyuma huzuia sumu isimfikie mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana, Harada Masazumi, alikuta nyumba moja yenye wavulana wawili, dalili zao sawasawa. Mkubwa alikuwa ameandikiwa ugonjwa wa Minamata. Mdogo, kwa kuwa hajapata kula samaki, ameandikiwa mtindio wa ubongo. Mama yao hakukubali. Samaki aliwala yeye, mimba ikiwa tumboni. (Mzazi hutangulia, daktari hufuata, nimeliona hilo wodini mara nyingi.) Mwishoni mwa 1962 watoto 16 walitambuliwa rasmi kuwa waliupata ugonjwa huo tumboni.

Lakini damu ya mimba zilizokwisha kupita ungeipimaje? Harada aliomba vile visanduku. Vitovu vikavu vilikuwa bado vina zebaki, na matokeo yakachapishwa 1975 katika jarida la Nature. Leo tunajua kondo huipitisha, tena damu ya kitovu kwa kawaida huwa na zebaki nyingi kuliko ya mama.

Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa 2013 unaitwa kwa jina la Minamata, na Tanzania imo. Hata hivyo, machimboni Geita na Chunya dhahabu bado hukamatwa kwa zebaki, kisha huchomwa. Wengine huchomea nyumbani. Mvuke wake nao hupenya kondo. Binti yangu mwenye mimba, usikae penye moto huo, na mumeo asichomee jikoni kwako.