Kutoka mto Seine hadi GPS: nani hukagua kipimamwendo cha ndege?

Leo tuweke programu kando kidogo, tuangalie kifaa kilichoanzia mtoni.

Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa Henri Pitot alitumbukiza mrija wa kioo uliopindwa katika mto Seine, Paris. Maji yalipokwenda kasi, yalipanda juu zaidi ndani ya mrija. Ndege bado zinatumia wazo hilo: mrija unaotazama mbele hupokea msukumo wa hewa, unalinganishwa na ule wa hewa tulivu, na tofauti yake husomwa kama mwendo.

Mrija ukidanganya, watu hufa. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Kipimamwendo cha nahodha kilionyesha kasi kubwa mno huku ndege ikipunguza mwendo, hadi ikaanguka baharini. Watu wote 189 walikufa.

Zamani marubani wa majaribio waliruka chini chini kati ya alama mbili ardhini, saa mkononi, kwenda na kurudi. Kisha Mei 2000 Marekani ikaacha kuharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Makosa yakashuka kutoka karibu mita 100 hadi kama 20, na mwenye ndege ndogo akapata mkaguzi wa bei nafuu.

Lakini kuna mtego. GPS hupima mwendo juu ya ardhi. Bawa linajua hewa tu. Tuseme ndege inakwenda kilomita 180 kwa saa hewani na upepo wa 60 unaipiga ubavuni. GPS itasoma karibu 190 ukienda, na 190 ukirudi. Wastani ni 190. Umepotea kwa 10!

Sisi wa kompyuta tunaijua dawa: mambo matatu yasiyojulikana yanahitaji vipimo vitatu. Hapa ni mwendo wa hewani, upepo wa kaskazini-kusini na wa mashariki-magharibi. Basi elekeza ndege pande tatu tofauti, kimo na mwendo vilevile, kisha andika usomaji wa GPS kila upande. Mistari michache ya kodi inatoa jibu. Kabla ya kulinganisha, rekebisha kwa ajili ya kimo na joto.

Hata hivyo, ukaguzi wa jana hauzuii mrija kuziba leo. Ndiyo maana rubani bado huzunguka ndege yake kabla ya kupaa na kuuchungulia mrija kwa macho.