Dhamira tegemezi ya Kifaransa (vitenzi visivyofuata kanuni)

Umbo la kitenzi linalofuata neno que baada ya kutaka, kulazimu, kuogopa au kutilia shaka. Mwanafunzi wa Mlali, wilayani Mvomero, analo tayari kwa Kiswahili: anaenda, nataka aende, -na- inaondoka, irabu ya mwisho inageuka, kazi imekwisha. Kifaransa hugeuza shina zima: je veux qu'il aille. Être hutoa que je sois, avoir hutoa que j'aie. Faire, savoir na pouvoir havisumbui sana, kwani fass-, sach- na puiss- hubaki zilezile kwa nafsi zote. Aller na vouloir ndivyo vigeugeu: que j'aille, lakini que nous allions. Mtego wenyewe ni bien que: Kiswahili husema "ingawa anaumwa", Kifaransa hudai bien qu'il soit malade.