Kutoka Mtumba hadi Jukwaa: Historia ya Vazi Mjini Kigali

Wako wanaodhani kuwa onyesho la mavazi ni jambo la Paris na New York, na kwamba likifanyika huku kwetu huwa ni mchezo tu wa vijana wenye fedha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo haina msingi. Vijana wanaopita jukwaani mjini Kigali, wakiwa wamevaa mishanana ya kisasa na makoti yenye nakshi za imigongo, wana nasaba ndefu. Nasaba hiyo inapita katika njia za misafara, katika maduka ya mwanzo ya mji huu, na katika marundo ya nguo kuukuu sokoni. Na kila ilipopita iliacha maneno ya Kiswahili. Swali lililoandamana nayo ni moja: ni nani anayechagua nguo ambayo mtu ataivaa?

Yafaa tuanze kabla ya pamba. Mnyarwanda wa zamani alivaa ngozi na gome. Mwanamke aliyeolewa alivaa inkanda, yaani ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa kazi ya siku nyingi. Gome lilitoka kwenye umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu. Lilipondwa kwa nyundo ya mti mpaka likatanuka na kuwa laini kama kitambaa, likaitwa impuzu. Waganda nao walikuwa, na bado wanao, ufundi wa namna hiyo, hata mwaka 2005 UNESCO ikautangaza kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Katika zama hizo mvaaji na mtengenezaji walikuwa wa kijiji kimoja, na mtindo ulibadilika polepole mno.

Wakati huohuo pwani ilikwisha kuingiwa na mambo mengine. Mwaka 1833 Sultani wa Zanzibar na Oman alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za mji wa Salem zikawa zikileta kitambaa cheupe cha pamba, kigumu na cha kudumu. Watu wakakiita merikani. Kitambaa hicho kilikwenda bara pamoja na kaniki na shanga, si kama nguo tu bali kama fedha. Kilipimwa kwa shuka, ambayo ni mikono minne, na kwa doti, ambayo ni shuka mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipopunguza merikani, vitambaa vya Uingereza na vya India vilichukua nafasi yake. Lakini jina halikuondoka. Hata katika Kinyarwanda kitambaa hicho kiliitwa amerikani, ingawa aliyekivaa pengine hakujua Marekani iko upande gani wa dunia.

Hapa tunaomba msomaji alitazame neno moja kwa makini. Mzigo wa nguo aliobeba mpagazi uliitwa mtumba. Mpagazi wa karne ya kumi na tisa aliyetoka Bagamoyo na mtumba wa merikani begani, na mchuuzi wa leo anayefungua robota la mashati yaliyovaliwa Ulaya, wametumia jina lilelile. Kamusi za zamani zinalieleza neno hili bila kutaja ukuukuu wowote. Ukuukuu umeingia baadaye, tena umeingia kwa nguvu kiasi kwamba kijana wa leo akisikia “mtumba” hafikirii kitu kipya hata kidogo.

Rwanda yenyewe misafara mingi iliipita kando. Watawala wake hawakuwapa nafasi wafanyabiashara wa kigeni, na njia kubwa zilielekea Karagwe na Ujiji. Mjerumani von Götzen alifika kwa mfalme Rwabugiri mwaka 1894, wakati ambapo Ujiji ilikwisha kuwa mji wa biashara kwa miongo mingi. Mlango ulifunguka hasa baada ya mwaka 1907, Richard Kandt alipoanzisha kituo cha serikali ya Kijerumani hapa Kigali. Wahindi, Waarabu na Waswahili wakaja kufungua maduka. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913, na baadaye, chini ya Wabelgiji, mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ikajulikana kuwa ndiyo ya Waswahili. Hadi leo Nyamirambo ni mtaa wa mafundi wa nguo, na mgeni anayetaka kusikia Kiswahili mjini Kigali huelekezwa huko.

Mwalimu wa lugha anaweza kuisoma historia hii bila kufungua jalada lolote la serikali. Mnyarwanda anasema ishati, ikoti, ikanzu, igitenge, umukasi. Naye huenda kuvinunua katika iduka au katika isoko. Nchi hii haikutawaliwa na Waingereza, basi “shati” na “koti” hayakuwa na njia rahisi ya kuingia ila kwa kinywa cha Mswahili. Lakini akifika kwenye suruali husema ipantalo, kwenye sketi ijipo, na kwenye tai ikaruvati, maneno yaliyotoka kwa Wafaransa na kuletwa na Wabelgiji. Basi juu ya mwili mmoja wa karani wa miaka ya 1950, koti lilitoka pwani na suruali ikatoka Brussels. Twasema hivi kwa njia ya lugha, maana cherehani iliyoshona vyote viwili huenda ilikuwa moja tu.

Haifai kudhani kuwa watu wa mwambao na bara walipokea tu kila walicholetewa. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa ndio waliowafundisha wafanyabiashara adabu katika jambo hili. Kanga ilipoenea mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, viwanda vya Ulaya vilichapa nakshi kwa maagizo yaliyotoka pwani, na nakshi iliyokataliwa na wanawake ilimwozea mwenye duka. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani, zilizokuwa alama ya unyonge, wakavaa kanga na kanzu kama waungwana. Huo nao ulikuwa mtindo wa mwaka, na barabara za Ng'ambo ndizo zilizokuwa jukwaa.

Nchini Rwanda kitambaa kiliingia katika umbo lililokuwapo. Umushanana tunaouona harusini una sehemu mbili kubwa: umukenyero unaofungwa kiunoni, na umwitero unaotupwa begani. Kufunga na kutupa ni mambo ya kale. Pamba, na baadaye hariri na vitambaa vyepesi, vilivaa umbo hilo badala ya kulifuta. Kwetu sisi hili ni jambo kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani ndilo lililowapa wabunifu wa leo kitu cha kushika.

Mwaka 1984 kiwanda cha UTEXRWA kilianzishwa mjini Kigali kufuma na kuchapa vitambaa. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa na matumaini hayo. Wenzetu wa Tanzania walikwisha kufungua kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China. Lakini kiwanda cha Kigali kilipitiwa na mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994, na nchi iliyobaki baada yake ilikuwa nchi ya watu waliohitaji kwanza kujisitiri. Nguo kuukuu za Ulaya na Marekani ndizo zilizoujaza mji. Watu waliziita caguwa.

Neno hilo tunalipenda, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Herufi “c” ya Kinyarwanda husomwa “ch”, na lugha hiyo hutia “w” kati ya “u” na “a”. Kwa hiyo caguwa si jingine ila “chagua” yetu. Mchuuzi amelimwaga rundo chini, mteja ameinama, analipekua na kuchagua. Amri ya kitenzi ikageuka jina la bidhaa, na jina hilo linatumika pia Burundi na Kivu. Wanaodharau nguo hizi hupenda kutukumbusha kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haiwahusu hawa. Caguwa haikuazimwa, ilinunuliwa. Tena kwa mama mwenye watoto wanne, rundo lile ndilo lililokuwa mahali pekee alipopata nafasi ya kuteua rangi na mkato kwa fedha alizokuwa nazo.

Ndiyo maana mambo ya 2016 yaligusa watu wengi. Mwezi wa Machi mwaka huo wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo kuukuu hatua kwa hatua katika miaka mitatu, ili viwanda vya nyumbani vipate soko. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa Marekani wanaouza nguo zilizotumika walishtaki kwa serikali yao, wakidai kuwa ajira 40,000 za kwao zilikuwa hatarini. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma moja baada ya nyingine. Rwanda ilikataa, na tarehe 30 Julai 2018 Marekani ikasimamisha ruhusa ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru chini ya sheria ya AGOA. Biashara yenyewe ilikuwa ndogo, ya dola milioni moja na nusu hivi kwa mwaka. Lakini ni nadra kuona shati kuukuu likizifikisha dola kuu na nchi ndogo katika ugomvi wa wazi.

Je, uamuzi ule ulikuwa sahihi? Sisi tunaona kuwa shabaha yake ilikuwa njema na gharama yake haikugawanywa sawa. Heshima ya kutovaa nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine ni kitu cha kweli. Aliyeidharau haki hiyo asome tena habari za Zanzibar ya 1897. Lakini wachuuzi wa caguwa walipoteza kazi mara moja, ilhali mashati ya viwanda vya nyumbani yalikuja polepole na kwa bei ambayo wengi hawakuimudu. Nafasi ilijazwa kwa sehemu kubwa na nguo mpya za bei nafuu kutoka China, na magendo yakazuka kwenye mpaka wa Kongo. Aliyekuwa akichagua katika rundo alijikuta na uchaguzi mdogo kuliko zamani.

Katika hali hiyo ndipo jukwaa lilipopata maana. Desturi ya kuwavisha watu hai nguo ili wateja wazione inahesabiwa kuwa ilianza na Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua duka lake Paris mwaka 1858. Mashariki ya Afrika, Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mjini Dar es Salaam mwaka 2008, na katika muongo uliofuata Kigali nayo ikapata maonyesho yake. Wabunifu hawakungoja ushuru: Teta Isibo alianza kazi yake ya mapambo, Inzuki, mwaka 2010; Matthew Rugamba akaanzisha House of Tayo mwaka 2011; Joselyne Umutoniwase akafungua Rwanda Clothing mwaka 2012; na Moses Turahirwa akaanzisha Moshions mwaka 2015. Kampeni ya kupenda bidhaa za Rwanda iliwakuta wakiwa kazini.

Tukitazama walichokipeleka jukwaani tunaona kuwa mitindo yao haikuokotwa njiani. Rugamba alianza na kitu kidogo sana, tai za kipepeo za kitenge. Mwaka 2018 mavazi yake yalionekana Marekani katika uzinduzi wa filamu ya Black Panther, yakiwa yamevaliwa na nduguye Lupita Nyong'o. Moshions imetumia nakshi za imigongo, yale mapambo ya samadi ya ng'ombe yenye mistari mikali ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, yanayosimuliwa kuwa yalibuniwa Gisaka na mwana wa mfalme aliyeitwa Kakira. Kilichokuwa ukutani kimehamia kifuani. Katika mapambo madogo, yaani vipuli, vikuku na mikoba, mkonge na ususi wa kikapu cha agaseke vimepata kazi mpya. Na jina Inzuki, ambalo maana yake ni nyuki, linafaa sana kwa kazi ya mikono mingi.

Kuna lawama moja tusiyoweza kuificha. Koti la jukwaani huuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi hata kuiuliza. Isitoshe, sehemu kubwa ya vitenge vinavyopita kwa jina la Afrika huchapwa China. Hata hivyo hatukubaliani na wanaosema kuwa onyesho haliwafikii wanyonge, kwa kuwa wanasahau mafundi.

Soko la Kimironko lina safu za vitambaa vilivyopangwa hadi juu, na karibu yake mafundi wamekaa na vyerehani vyao. Mteja huja na picha ya vazi lililoonyeshwa jukwaani, ameihifadhi katika simu. Fundi huitazama, huuliza kola iwe ya namna gani, kisha humpeleka mteja kwa muuza vitambaa achague doti yake mwenyewe, maana nakshi ya picha ile haipatikani au haimpendezi. Mkono uliokuwa mrefu unafupishwa. Mfuko unaongezwa ambao mbunifu hakuufikiria. Baada ya siku chache vazi liko tayari, nalo limefanana na la jukwaani kwa mabega tu. Wapo wabunifu wanaolalamikia uigaji huu, nao wana haki ya kulinda kazi yao. Fundi kwa upande wake huwa amekwisha kukata kitambaa cha mteja wa pili, ambaye ameleta picha ileile na kutaka kola tofauti.