Maua Yarudiyo Kila Mwaka

Ukipewa kipande kidogo cha ardhi mbele ya nyumba, ukaambiwa upande maua upendayo, utachagua yapi? Huenda ukadhani kwamba swali hili ni jepesi, tena halina historia. Lakini nchini Uingereza, katika karne ya kumi na tisa, swali hilo lilizusha ubishi mkali baina ya watunza bustani. Fuatana nami, msomaji, uone jinsi bustani za maskini zilivyokuja kuwafundisha matajiri.

Kwanza yakupasa kujua kwamba baridi ya nchi ile ni kali, na jalidi, yaani umande ulioganda, huua mimea mingi. Iko mimea iishiyo msimu mmoja tu, ikachanua na kufa. Iko mimea ya kudumu, ambayo aghalabu majani yake hunyauka wakati wa baridi, lakini mizizi hubaki hai ardhini, ikachipua tena joto lirudipo. Na viko vichaka vyenye matawi magumu kama ya mti, mfano wa mwaridi na mlavenda, ambavyo husimama mwaka hata mwaka.

Kodi ya vioo ilipofutwa mwaka 1845, matajiri walijenga kwa wingi nyumba za vioo zilizopashwa moto. Humo walikuza miche ya nchi za joto, kama vile jeraniamu zenye asili ya Afrika ya Kusini. Kiangazi kilipofika, watumishi waliipanda nje kwa maelfu, wakaipanga kama nakshi za zulia. Baridi iliporudi, yote iling'olewa, na ardhi ikabaki tupu. Mwaka uliofuata kazi ilianza upya. Fikiri juu ya gharama ya makaa, miche na mikono ya watu!

Mbali na fahari hiyo, kibarua wa shamba alikuwa na kijibustani mbele ya kijumba chake. Hakuwa na fedha za kununua miche kila mwaka, kwa hiyo alichagua mimea iwezayo kujitegemea. Mwaridi uliparamia ukuta, holihoki zilirefuka kando ya mlango, na lavenda ilinukia jirani na kabeji. Mmea wa kudumu ulipokua mno, aliligawa shina pamoja na mizizi yake, nusu akapanda, nusu akampa jirani juu ya ua. Hivyo maua mengi ya kale, ambayo matajiri waliyatupa kwa sababu hayakuwa ya mtindo mpya, yalisalimika mikononi mwa watu wasio na kitu.

Mtu mmoja aliyetetea mimea hiyo alikuwa William Robinson, aliyezaliwa mwaka 1838. Alitoka Ireland, akaanza maisha kwa kazi ya bustani, akahamia London mwaka 1861. Mwaka 1870 alitoa kitabu juu ya bustani zifuatazo maumbile, na mwaka 1883 alitoa kingine juu ya bustani za maua za Uingereza. Alizishambulia bustani za mfano wa zulia bila ya kuona haya, akawahimiza wasomaji wachague mimea istahimiliyo baridi ya nchi yao.

Aliyeshirikiana naye ni Gertrude Jekyll, aliyezaliwa mwaka 1843. Bibi huyu alisomea uchoraji, akapenda pia kudarizi. Lakini macho yake yalikuwa dhaifu, na mwaka 1891 daktari wa Ujerumani alimshauri aache kazi za kukaza macho. Lilikuwa pigo kubwa kwa mtu aliyeipenda sanaa. Hata hivyo hakuikunja mikono. Aliigeuza ardhi kuwa karatasi yake, na maua yakawa rangi zake.

Nyumbani kwake Munstead Wood, katika jimbo la Surrey, alipanda ukanda wa maua wenye urefu wa futi 200 hivi na upana wa futi 14, mbele ya ukuta uliofunikwa na vichaka vya majani mabichi mwaka mzima. Kwenye ncha aliweka majani ya kijivujivu na maua ya buluu, meupe na ya manjano hafifu. Kadiri mtu alivyokwenda katikati, rangi zilizidi kuwaka hata kufikia nyekundu ya dalia na ya nifofia, ua mfano wa mwenge, ambalo jamaa zake huota hata katika milima ya Kenya. Hakuidharau jeraniamu, aliandika kwamba kosa halikuwa la mmea, bali la namna ulivyotumiwa.

Je, unaona alivyochagua? Hakuuliza tu ua gani ni zuri. Aliuliza litachanua lini, litafikia kimo gani, majani yake yatapendezaje likiisha kuchanua, na jirani yake atakuwa nani. Tena hakuona haya kukiri kwamba mengi alijifunza kwa kutazama bustani za wanakijiji wa Surrey. Kwa maarifa hayo alitengeneza michoro ya bustani 400 hivi kabla ya kufa mwaka 1932. Mwaka 2023 Munstead Wood ilinunuliwa na shirika la National Trust ili itunzwe kwa faida ya wote.

Basi, msomaji, siku utakapokabidhiwa kipande kile cha ardhi, usikimbilie ua linalong'aa kuliko yote leo. Jiulize ni lipi litakalofaa udongo wako na mvua yako, na ni lipi utakaloweza kumgawia jirani. Bustani za zulia zilihitaji mali nyingi, zikaisha kwa baridi moja. Bustani ya kibarua ilihitaji subira, na maua yake yangali yakichanua.