Nani Alimwibia Nani? Birika Jekundu la Staffordshire

Wapenzi wa vyombo vya kale wamekisikia kisa hiki hadi kimewachosha. Ndugu wawili kutoka Uholanzi, John Philip na David Elers, wanafika Staffordshire, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 17. Wanafinyanga vyombo vyekundu huko Bradwell Wood, na ili siri isivuje wanaajiri punguani watupu. Mfinyanzi Astbury anajitia upunguani, anapewa kazi, anaondoka na ujuzi wote. Aliyekieneza ni Simeon Shaw, katika kitabu cha 1829, zaidi ya karne moja baada ya karakana kufungwa. Kitamu, lakini ni porojo.

Mimi naliamini zaidi jalada la mahakama. Mwaka 1693 mfinyanzi John Dwight wa Fulham, mwenye hataza ya kifalme ya ufinyanzi wake, aliwashtaki ndugu hao jijini London, pamoja na wafinyanzi wa ukoo wa Wedgwood wa Burslem. Alidai wamemrubuni John Chandler, aliyekuwa mfanyakazi wake, awape siri zake. Yaani hao tunaowalilia kwamba waliibiwa, ndio walioshtakiwa kuiba! Naye Dwight asijifanye chemchemi: wote walikuwa wakiiga mabuli mekundu ya Yixing, Uchina.

Kufikia 1700 akina Elers walikuwa wamefilisika. Hapo ndipo wengi hufunga daftari, ilhali mabirika ya kahawa yanayonivutia ni ya miaka ya 1750 hadi 1770. Litazame moja. Mwili mrefu unapungua upana kuelekea juu, kama mabirika ya wafua fedha wa wakati ule. Mkono na mdomo vimefinyangwa mfano wa tawi lililokatwa vijiti. Maua na watu wa Kichina yametolewa kwenye kalibu ndogo, yakagandishwa ubavuni kwa udongo mwepesi kama uji. Mashina yanayoyaunganisha yameviringishwa kwa mkono. Hakuna mng'aro uliopakwa: moto mkali umeubana udongo hadi hauvuji. Chini pana muhuri wa mraba wenye mistari inayojifanya maandishi ya Kichina.

Kwa muda mrefu kila chombo cha namna hii kiliitwa "Elers", maana jina hupandisha bei. Karibu na 1960 mtafiti Robin Price alifanya kazi ya subira: alivipanga kwa makundi, akilinganisha nakshi na mihuri. Wapo wanaoona kazi hiyo kavu. Mimi naona ndiyo pekee inayowaheshimu mafundi wasio na majina. Tena, birika lenye mistari ya mawimbi iliyochongwa kwa mashine ya kukerezea nakshi haliwezi kuwa la Elers, kwa kuwa Josiah Wedgwood, wa ukoo uleule wa Burslem, alianza kuitumia mashine hiyo 1763.

Josiah mwenyewe aliviona vyombo vyekundu kuwa vya kishamba, ingawa mwaka 1776 alitoa vyake kwa jina la rosso antico. Mwaka uliofuata Paul Elers alitaka medali ya kumtukuza baba yake, John Philip, kama mwanzilishi wa ufinyanzi wa Uingereza. Wedgwood alimnung'unikia mshirika wake Bentley kwa barua: sifa zimezidi, kwani kwenye vyombo vyekundu walichofanya Elers ni kuchekecha vizuri udongo mwekundu wa kawaida, kuukereza na kuupamba kwa kuiga Wachina. Medali, hata hivyo, aliitengeneza.