George Kahama

George Clement Kahama (1929–2017) alikuwa mwanasiasa na mtendaji wa mashirika ya umma nchini Tanzania, mzaliwa wa Karagwe. Watanzania walizoea kumwita Sir George. Heshima hiyo ilitoka kwa Papa, si kwa Malkia wa Uingereza.

Shule yake ya uongozi ilikuwa ushirika. Kabla ya siasa alikuwa meneja mkuu wa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichokusanya na kuuza kahawa ya wakulima wadogo. Mwaka 1959 aliingia serikalini pamoja na mawaziri wengine wanne wa kuchaguliwa, kisha akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Uhuru ulimkuta katika wizara hiyo.

Baadaye aliongoza Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na, kuanzia 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyopanga mji wa Dodoma. Hiyo ndiyo alama yake kubwa zaidi. Alikuwa pia balozi nchini China.

Akiwa mbunge wa Karagwe alirudi barazani: Waziri wa Ushirika na Masoko, 2000–2005. Alifariki Machi 2017. Miezi miwili baadaye Rais Magufuli aliivunja CDA.